Foleni ya kumsalimia sokwe, kutoka Mwanga mpaka Florida na kurudi

Idi pili ya mwaka 2024 nilikuwa nimesimama katikati ya kiwanja hapa Mwanga, Kigoma, nimeshika kichwa cha sokwe mkononi, kichwa cha sponji ya godoro kilichovishwa blanketi la kahawia, na mbele yangu watoto mia na ushee wanalia. Naanzia hapo kwa sababu tangu Idi ya mwaka huu watu wananiuliza nilifanyaje foleni ya watoto kupiga picha na sokwe ikaenda bila vurugu, wengine wanadhani niliweka mgambo. Sikuweka mgambo hata mmoja.

Mimi napamba maharusi na bethidei, ndo kazi yangu. Tukakaa kina mama watatu wa mtaani tukasema watoto wetu kila Idi ni bembea, ubuyu na aiskrimu, kwanini tusiwatafutie katuni wapige nao picha kama wanavyoonaga kwenye TV. Nikasema katuni yetu iwe sokwe. Gombe iko hapo tu, unapanda boti Kibirizi unaenda, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuwaangalia wale sokwe wetu, na watoto wa Mwanga wengi hawajawahi kukanyaga huko. Basi sokwe aje kwao. Fundi akashona, kijana mmoja wa bodaboda jirani yetu akakubali kuvaa, picha moja shilingi mia tano, mtoto asiye na hela anapiga bure.

Tukaanza saa nne. Saa nne na nusu haikuwa foleni tena, ilikuwa fungu la watu. Jua linawaka, nguo mpya zimeshalowa jasho, waliotangulia wamesukumwa nyuma, wenye vichanga wamebanwa mbele na hawawezi kutoka, na mimi niko pale kwa sokwe napokea hela natafuta chenji. Hakuna aliyejua atafikiwa saa ngapi wala kama atafikiwa kabisa, hata mimi nilikuwa sijui. Yule kijana ndani alikuwa hajapumzika hata dakika, maana nilikuwa najiambia tumalize huyu, tumalize na huyu. Saa sita kasoro nikaona magoti yake yanacheza, akashika kichwa akakivua akakaa chini palepale, uso unatiririka maji kama ametoka ziwani. Watoto walioona sokwe kavuliwa kichwa walipiga yowe sijawahi kusikia. Nikakiokota kile kichwa nikabaki nacho.

Kulikuwa na binti mmoja ana gauni la njano, alisimama tangu saa nne na alikuwa amebakiza watoto wawili tu mbele yake. Yeye hakulia. Alifungua kiganja akaiangalia sarafu yake ya mia tano, akafunga tena, akaondoka. Nimepamba shughuli nyingi zikaharibika hiki na kile, keki kuanguka, umeme kukatika, ila hiyo ndo iliyoninyima usingizi.

Sasa Septemba mwaka uleule nikaenda Florida, Marekani. Mdogo wangu anaishi kule na mumewe, alikuwa amejifungua, nikaenda kumlea uzazi, kumkanda, kumpikia uji na mambo yote. Mtoto wao wa kwanza ana miaka mitano, anaongea Kiswahili cha kuombea maji lakini Mama Mkubwa anasema vizuri kabisa. Mama mkwe wa mdogo wangu alipofika kutusaidia, shemeji akachukua likizo ya siku mbili akasema dada, twende tumpeleke huyu Disney, yale maviwanja makubwa ya michezo na katuni, kabla hajaanza kumuonea wivu mdogo wake. Yani mimi niliposikia huko watu wanapanga foleni kusalimiana na Mickey, kitu cha kwanza nilichowaza ni Idi yangu.

Siku ya kwanza tulienda Magic Kingdom, ile yenye kasri. Imefunguliwa mwaka 1971, kwa hiyo wale watu wanapanga foleni za watoto zaidi ya miaka 50, nikasema hapa naenda kama mwanafunzi. Tukachelewa wenyewe. Kuchelewa kwenyewe kulitokana na kutojua kwamba ukishapaki gari bado hujafika, unapanda tena kivuko au treni ya reli moja mpaka getini, mi nilipanda kivuko maana maji nimeyazoea, na yote hayo ni muda. Kwa hiyo ukiambiwa geti linafunguliwa saa tatu asubuhi usipange kufika parking saa tatu, saa tatu inatakiwa mguu uwe tayari getini. Wanaolala kwenye hoteli zao wenyewe Disney wanaingia nusu saa kabla ya wengine, na hiyo nusu saa ni mali, maana asubuhi watu wengi wanakimbilia mashine za kupanda, wanawaacha katuni hawana watu. Sisi tuliingia saa nne imeshapita.

Shemeji alikuwa ameandika kwenye simu majina kumi na moja ya katuni. Kumi na moja! Nikamchukua mtoto pembeni nikamuuliza, mwanangu ungepewa mmoja tu leo ungemtaka nani. Akasema Tiana, yule binti wa kifalme mweusi wa kwenye filamu za Disney. Nikamuuliza na wa pili? Akafikiria, akasema Mickey. Wa tatu hakuwa naye. Basi orodha ya kumi na moja ikawa wawili, na nawaambia ukweli, hapo ndo tuliokoa muda mwingi kuliko ujanja mwingine wowote tulioufanya siku nzima. Wale tisa walikuwa wa baba.

Mickey anakaa ndani ya jumba liko mkono wa kulia ukishaingia tu, kuna kiyoyozi. Tiana yuko kwenye ukumbi wa mabinti wa kifalme, na pale uwe makini maana kuna foleni mbili, moja ya Cinderella na moja ya Tiana, ukiingia isiyo yako umesimama bure. Kuna programu yao ya simu, inakuonyesha katuni yupi yuko wapi na kusubiri ni dakika ngapi. Kuna na njia ya kulipia uingie mlango wa mkato, wanaiita Lightning Lane, Mickey na Tiana wote wamo, ila shemeji alisema tiketi tu zimeshamtoa jasho na mimi sikumlazimisha. Tulipofika kwa Tiana kibao kikasomeka dakika hamsini. Shemeji tayari anaingia kwenye foleni. Nikamwambia subiri kwanza shemeji, nikamfuata dada anayesimama mlangoni nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha sekondari, saa ngapi hapa pana nafuu? Akasema jaribuni wakati wa gwaride. Saa tisa alasiri kuna gwaride linapita katikati ya kiwanja, magari yamepambwa, muziki, na watu wote wanakwenda kupanga mstari barabarani. Tukaenda kula, mtoto akalala kidogo kwenye kigari, saa tisa wenzetu wanatazama gwaride sisi tukaenda kwa Tiana. Kama robo saa tu tukawa ndani.

Sitasahau. Yule Tiana alipiga magoti mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza nywele zako nani amesuka? Mtoto akanionyesha mimi kwa kidole. Nilikuwa nimemsuka twende kilioni usiku wake. Tiana akasema na mimi nataka nisukwe na huyo. Basi mtoto mpaka tunalala anahadithia nywele, kasri hata halitaji.

Lakini wakati shemeji anapiga picha za kasri mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Kulikuwa na katuni wa manyoya anasalimia watu nje, na nikagundua kila katuni anatembea na mhudumu, hawi peke yake. Yule mhudumu baada ya muda anatoka, anakwenda kusimama nyuma ya familia ya mwisho kwenye mstari. Anayekuja anamwambia kwa upole, mstari huu umefungwa, anakwenda kupumzika, atarudi saa fulani. Kwa hiyo hakuna mtu anasimama nusu saa halafu anaambiwa imeisha. Anaambiwa kabla hajasimama! Katuni mwenyewe anamaliza wale waliomo, anapunga mkono, anaingia mlango fulani, basi. Sikuona hata mmoja anavua kichwa mbele ya watu, sikuona Mickey wawili kwa pamoja. Nilisimama naangalia mhudumu yule mpaka shemeji akaniuliza dada umechoka? Nikamwambia sijachoka, nipe kalamu. Nikaandika nyuma ya risiti ya chakula: MTU WA MWISHO AAMBIWE KWANZA. Ile risiti ninayo mpaka leo.

Na hapo ndo nikaelewa kosa langu la Idi. Mimi nilikuwa nahesabu watoto, wao wanahesabu mtu aliye ndani ya ngozi. Anaweza kukaa humo muda gani na joto lile, hicho ndo kipimo, halafu watoto wanapangwa kufuata hicho. Mimi nilipanga watoto kwanza, mwili wa kijana wa watu nikaufanya kama hauchoki.

Siku ya pili tulienda Animal Kingdom, na huko jamani nilitaka kulia kwa furaha, wamejenga kijiji kizima kinaitwa Harambe, ndo hiyo harambee yetu wameandika na e moja, majumba yameigwa miji ya pwani kama Lamu, kuta zimechakazwa makusudi na maneno ya Kiswahili yamo. Nikawa mimi namsomea shemeji, anacheka, maana kwa siku mbili nilikuwa mgeni na pale nikawa mwenyeji. Mle Harambe kuna mgahawa unaitwa Tusker House, na huo ni njia nyingine ya kukwepa foleni, unakula mpaka ushibe halafu katuni ndo wanakuja mezani kwako, Mickey, Donald, Daisy na Goofy wamevaa nguo za safari. Umekaa, una chai yako, mtoto anakula, zamu yenu inawafuata. Bei si ndogo, na nafasi unaweka mapema, wanafungua kuweka siku 60 kabla, shemeji aliiwahi siku nyingi. Mimi nadhani ukiwa na mtoto chini ya miaka sita na hela ni ya kuchagua kimoja, chagua meza hii kuliko mlango wa mkato.

Goofy alipofika mezani kwetu mtoto akaganda. Yani akajificha kwenye kwapa langu hataki hata kuchungulia. Wale wa manyoya hawaongei, kila kitu kwa ishara tu. Goofy hakumsogelea. Alikaa chini ya usawa wa meza, akajifunika macho kwa mikono yake mikubwa, akafunua kidogo, akajifunika tena. Mtoto akafunua jicho moja. Goofy naye moja. Ilichukua kama dakika nzima, meza zingine zinasubiri, na hakuna aliyemharakisha. Baadaye mtoto akampa Goofy kitabu cha saini na kalamu, na kalamu ile lazima iwe nene maana mikono yao ya manyoya haishiki kalamu nyembamba, hilo shemeji alilijua tayari.

Mchana radi zikaanza, mvua ya Florida majira yale inapenda kuja alasiri, na katuni aliyekuwa nje akasindikizwa ndani mara moja. Waliokuwa wanamsubiri wakatawanyika. Kwa hiyo kama unaenda miezi ya joto, wa nje wamalize asubuhi, wa ndani wabakishe kwa mchana. Jambo lingine ambalo shemeji aliambiwa na wenzie wa kazini, kwenye Septemba na Oktoba kuna siku Magic Kingdom usiku ina sherehe yenye tiketi yake maalumu, wa mchana mnatoka saa kumi na mbili jioni, basi watu wengi wanazikimbia siku hizo kwa kuona zimekatwa, na mchana wake panakuwa na nafasi. Mtoto mdogo saa kumi na mbili ameshachoka hata hivyo.

Nikarudi Kigoma mwezi wa kumi na moja na ile risiti.

Ramadhani mwaka huu, kila baada ya futari nilikuwa nawaita watoto wa majirani uani kwangu, kijana anavaa ngozi ya sokwe, na mimi nahesabu kwa simu. Mtoto akija peke yake, kusalimia na picha, sekunde arobaini. Akija na mama yake, dakika mbili na zaidi. Nikajiuliza mbona? Kumbe mama anafika kwa sokwe ndo anaanza kutafuta simu kwenye pochi, anaipata, anaweka namba ya siri, memori imejaa, anafuta picha. Sikuamini. Mwaka mzima nilikuwa nadhani watoto ndo wanachelewesha. Basi nikamweka binti wangu hatua tano kabla ya sokwe, kazi yake moja tu kusema simu mkononi, kamera wazi. Na hela nikaiondoa kabisa pale mbele, inalipwa wakati wa kuchukua kadi, chenji inatafutwa huko huko.

Kadi zenyewe nilikata za manila. Dukani kulikuwa na rangi nne tu, nikapiga hesabu: zamu ya sokwe dakika ishirini, watoto kumi na tano, halafu dakika kumi za kubadilishana na kunywa maji. Saa tatu mpaka saa saba ni zamu nane. Rangi nne za kwanza ni kadi nzima, na za baada ya saa tano ni rangi zilezile ila nimekata pembe moja. Mtoto asiyejua kusoma anajua kadi yake ya kijani, na kwenye mti nilikuwa naning'iniza kanga ya rangi ya zamu iliyopo. Akiona kanga ya kijani anakuja. Kabla ya hapo aende bembea, akanywe juisi, akakae kivulini kwa bibi yake. Hakuna haja ya kusimama.

Ngozi nikashonesha ya pili, vijana wawili urefu sawa, mmoja akiwa nje mwenzake yuko nyuma ya turubai kavua kila kitu, feni ndogo inampulizia. Kila mmoja anafanya dakika ishirini anapumzika arobaini. Yule kijana wa bodaboda nilimfuata mwenyewe nyumbani kwao kumuomba, mbele ya mama yake, nikamuomba na radhi ya mwaka jana. Akasema mama, ukiniwekea maji ya baridi mi navaa.

Idi pili tukafungua saa tatu. Sio kwamba hakuna kilichoharibika. Mama mmoja alichukua kadi tisa, za watoto wake na wa dada zake ambao hata hawajafika, na zamu ya njano ikawa na mapengo wakati wengine wamekosa. Mwakani kadi inawekwa kwenye kiganja cha mtoto aliyepo, basi. Pia nilikuwa nimeongeza samaki, mgebuka mkubwa wa kitambaa cha fedha, nikiamini watagawana, nusu sokwe nusu samaki. Hawakugawana. Kila mtoto alitaka wote wawili, badala ya foleni kupungua ikazaa nyingine. Saa nne na nusu nikamtoa samaki kwenye mambo ya picha nikamwambia zunguka tu, cheza na wanaosubiri, mpige nao mikono. Hapo akawa dawa kwelikweli, watoto wakasahau kuuliza saa.

Mvua ikadondoka saa tano na dakika kadhaa. Mwaka wa nyuma ingenimaliza, ila safari hii baraza la nyumba ya jirani nilikuwa nimeshaliomba tangu juzi yake, tukamhamisha sokwe, kanga tukaifunga kwenye nguzo ya baraza, tukaendelea.

Wa kadi walikuwa mia na ishirini, na kadi zilipoisha nilisimama mwenyewe mlangoni, kila anayeingia namwambia mwanangu, kadi zimekwisha, sokwe leo hutamfikia karibu ila saa saba kamili atapita kuwapungia wote, kaa hapa utamuona. Wapo walionuna. Hakuna aliyesimama juani bure. Saa saba sokwe akapita akipunga, kichwa kiko mahali pake.

Nilimtafuta binti wa gauni la njano siku nzima. Nilikuwa na kadi yake mfukoni, nyekundu, zamu ya kwanza, sikutaka hela yake. Sikumuona, labda walihama, labda gauni limembana na mimi nilikuwa natafuta gauni badala ya sura. Kadi nimeiweka pamoja na ile risiti.

Ngozi zote mbili nimeshazifua kwa sabuni ya unga na limao. Nimezianika stoo, mlango nimefunga, ingawa uani kuna jua zuri zingekauka siku moja. Watoto wa jirani wanachungulia kwenye matundu ya ukuta.